Kununua Gari la 4x4 Lililotumika kwa Ajili ya Kuvuta Tela

Mlaji anayetafuta gari la kuvuta tela huambiwa na wauzaji wengi kwamba gari husika "lina nguvu". Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli na bado isimsaidie mnunuzi. Injini inayoweza kuliondoa tela mahali lilipoegeshwa haitoi uhakika kwamba gari litaweza kulizuia tela hilohilo kwenye mteremko wa Kitonga au wa Sekenke, ambako uzito wa nyuma hulisukuma gari mbele kwenye kona.

Katika sura hii tunaeleza namna ya kuchagua gari la 4x4 lililotumika kwa ajili ya kuvuta tela la boti, la mifugo, la tenki la maji, au karavani, yaani tela lenye vitanda na jiko linalotumiwa na wasafiri. Ushauri wetu mkuu ni huu: fahamu kwanza uzito wa tela, kisha tafuta gari, na uwezo wowote unaotajwa uuone katika maandishi.

Uzito wa tela likiwa limejaa

Uzito unaohusika ni ule wa siku ya safari, si ule wa tela likiwa tupu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Hivyo tenki la lita 1,000 likijaa huongeza kilo 1,000 kabla hujahesabu chuma cha tela lenyewe. Karavani nayo huongezeka uzito kwa maji, mitungi ya gesi, vyombo na mizigo ya wasafiri. Pale inapowezekana, pima tela lililojaa kwenye mizani kabla ya kwenda kuangalia magari.

Namba nne za kutafuta

Namba hizi hupatikana katika kitabu cha gari, na baadhi yake katika kibati cha mtengenezaji kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti.

Ya kwanza ni uzito wa juu wa tela ambalo gari linaruhusiwa kuvuta. Kwa kawaida hutajwa mara mbili: kwa tela lisilo na breki zake, ambapo kiwango kwa magari mengi ya 4x4 hakizidi kilo 750, na kwa tela lenye breki, ambapo magari makubwa huweza kufikia kilo 3,500. Ya pili ni uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa na abiria na mizigo. Ya tatu ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Ya nne ni uzito ambao kichwa cha tela kinaruhusiwa kukandamiza kiungio kilichoko nyuma ya gari.

Namba ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Chukua mfano wa gari linaloruhusiwa kuvuta kilo 2,500, ambalo uzito wake wa juu likiwa na mzigo ni kilo 2,800 na uzito wa juu wa pamoja ni kilo 4,800. Familia ikijaza gari hadi kilo 2,800, tela halipaswi kuzidi kilo 2,000. Kilo 2,500 zilizotajwa na muuzaji hazipo tena.

Kuhusu namba ya nne, kichwa cha tela kwa kawaida hubeba kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa tela. Kwa tela la kilo 1,500 ni kati ya kilo 75 na 150. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, kichwa huwa chepesi na tela huanza kuyumba mwendo unapoongezeka. Nchini Uingereza, dereva asiye na uzoefu hushauriwa kuchagua karavani isiyozidi asilimia 85 ya uzito wa gari likiwa tupu. Nasi tunauona ushauri huo kuwa wa busara.

Kitabu cha gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japan mara nyingi huwa kwa Kijapani, na huenda kisitaje kabisa uzito wa kuvuta. Usichukue namba ya gari lenye jina hilohilo lililouzwa nchi nyingine; injini, breki na rejeta vinaweza kutofautiana. Omba taarifa za maandishi kutoka kwa wakala wa mtengenezaji kwa kutumia namba ya chesisi.

Aina ya gari

Si kila gari lenye nembo ya 4x4 lilijengwa kwa kazi nzito. Baadhi lina chesisi imara ya chuma iliyo peke yake na gia za mwendo mzito. Mengine ni magari ya kawaida ambayo magurudumu ya nyuma husaidia tu pale ya mbele yanapoteleza. Kundi la pili huweza kufaa kwa tela jepesi kwenye lami, lakini si kwa mifugo kwenye barabara ya udongo yenye milima. Kwa kazi hiyo, tafuta injini inayotoa msukumo mkubwa ikiwa katika mzunguko mdogo. Injini nyingi za dizeli zenye tabo zina sifa hiyo.

Dalili za gari lililochoka

Mlipe fundi asiye na uhusiano na muuzaji, na gari likaguliwe likiwa juu ya shimo la gereji. Fundi aangalie:

1. Chesisi na sehemu kinapofungwa kiungio: nyufa, uchomeleaji wa baadaye, au kutu iliyofunikwa kwa rangi mpya. Magari kutoka maeneo ya theluji ya Japan huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani.
2. Oili ya giaboksi ya otomatiki: rangi nyeusi na harufu ya kuungua ni dalili ya joto kali.
3. Maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa: mafuta ndani yake, au utando mfano wa maziwa chini ya kifuniko cha oili, huashiria gasketi iliyoungua.
4. Springi za nyuma, breki, na waya za taa za tela.

Liendeshe gari kwa angalau nusu saa, upande mlima kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na utazame kipimo cha joto. Jaribu pia gia za mwendo mzito. Iwapo muuzaji anakataa ukaguzi au jaribio hili, tunakushauri uache ununuzi huo.

Nyaraka na haki zako

Linganisha namba ya chesisi na kadi ya usajili. Kwa gari lililotoka Japan, omba cheti cha usafirishaji nje; huonesha kilomita zilizosomwa, ambazo unaweza kuzilinganisha na zilizo kwenye dashibodi. Mjulishe pia mtoa bima kwamba gari litavuta tela.

Hatimaye, mweleze muuzaji kwa maandishi uzito wa tela lako na njia utakazopita, kabla ya kulipa. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomjulisha mfanyabiashara wa bidhaa husika matumizi mahsusi anayoyakusudia, na kuonesha kwamba anategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kinga hii hupungua ukinunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, au ukiwa umelichagua gari mwenyewe kwa jina lake bila kutegemea ushauri wa muuzaji. Aidha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji.

Tunza tangazo, ujumbe wa simu, stakabadhi na ripoti ya fundi. Malalamiko yenye karatasi hizo tunaweza kuyafanyia kazi. Yanayotegemea maneno ya mdomo pekee ni vigumu kuyathibitisha.