Asubuhi Taratibu, Jioni Kimara

Kijana mmoja fundi umeme, mkazi wa Kimara, alinifuata baada ya mashindano madogo ya mtaa akiwa amenuna. "Kocha, mimi naenda kazini Posta kwa baiskeli siku tano kwa wiki. Kwenda na kurudi ni kilomita 30. Hawa walioniacha leo wengine wanagusa baiskeli Jumamosi na Jumapili tu. Hesabu hii inakaaje?" Kilomita 150 kwa wiki si haba. Wapo wanaridhaa wenye baiskeli za mamilioni ambao hawazifikishi kwa mwezi. Nikamuuliza anaziendeshaje. Akavuta kifua mbele: "Naikimbiza mwanzo mwisho. Bodaboda akinipita kwenye taa za Magomeni, namtafuta mpaka Fire."

Nikamwambia, mdogo wangu, umeshajijibu. Unaachwa kwa sababu unakimbia kila siku.

Ndani ya seli za misuli mna vinu vidogo viitwavyo mitokondria, vinavyochoma mafuta na sukari kwa kutumia oksijeni. Ukinyonga taratibu kwa muda mrefu, siku baada ya siku, mwili unaongeza vinu hivyo, unachipusha vishipa vipya vya damu kuzunguka nyuzi za misuli, na moyo unazoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Hiyo ni kazi ya miezi, na haiumi. Ukinyonga kwa nguvu kwelikweli kwa dakika tatu au nne, ukapumzika, ukarudia, unafanya jambo jingine: unapandisha kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili wako unaweza kukitumia. Mwanamashindano anahitaji yote mawili.

Sasa kuna mwendo wa kati, na huo ndio wa fundi umeme wetu. Unatoa jasho, unahema, unafika kazini ukijiona shujaa. Lakini ni mwepesi mno kukupandishia kile kiwango cha juu, na ni mzito mno kuurudia kila asubuhi bila deni. Unakula akiba ya sukari ya mwilini, glaikojeni, ambayo kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 400 hadi 500 tu kwenye misuli na ini. Ikifika Alhamisi, siku uliyopanga kujikamua, miguu inakuwa ya mbao. Unajikamua nusunusu, na Ijumaa unarudi kwenye mwendo ule ule wa kati. Mwaka unapita, nawe uko pale pale, umechoka tu.

Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi Norway, alichunguza jinsi wanamichezo wakubwa wa ustahimilivu wanavyogawa mazoezi yao, wakiwemo wapiga makasia na waendesha baiskeli. Alikuta kwamba takriban vipindi 8 katika kila 10 vilikuwa vyepesi, na vilivyobaki ndivyo vya kujikamua. Wataalamu bado wanabishana kuhusu hesabu hiyo. Mtu mwenye saa tatu tu kwa wiki huenda akafaidika na mwendo wa kati, maana hana muda wa kupoteza. Ila anayeenda kazini kwa baiskeli muda anao, umelala barabarani kila siku. Anachokosa ni subira ya kupitwa.

Huhitaji saa ya bei mbaya kujua uko mwendo gani. Asubuhi uweze kumsimulia mwenzako mechi ya Simba na Yanga bila kukata sentensi. Ukiona unasimulia kwa maneno matatumatatu, umeshatoka kwenye mwendo mwepesi. Siku ya kujikamua ni kinyume: ukiulizwa jina lako, ulitaje kwa shida.

Barabara ya Morogoro imekaa vizuri kwa mpango huu, kana kwamba ilichorwa na kocha. Asubuhi kutoka Kimara kwenda mjini unateremka zaidi ya unavyopanda, kwa hiyo ukijizuia tu, mwendo mwepesi unakuja wenyewe. Jioni mambo yanageuka. Kutoka Ubungo barabara inapanda kwa mawimbi, Kibo, Kona, Baruti, Bucha, mpaka Kimara Mwisho. Huo ndio uwanja wako wa Jumanne na Alhamisi: dakika nne kwa nguvu zote unazoweza kuzidumisha, dakika tatu za kulegeza, mara nne. Jumatatu na Ijumaa unapanda kilima hicho hicho kwa gia ndogo kama mzee anayetoka shambani. Jumatano panda mwendokasi au daladala, usome gazeti. Jumamosi alfajiri barabara ya Bagamoyo, saa tatu au nne za taratibu pamoja na wenzako. Jumapili ni ya familia, na nasema hivyo kama kocha: usingizi na mapumziko ndipo mwili unapojenga kile ulichokibomoa.

Njia ya baiskeli iliyojengwa sambamba na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 nayo inasaidia, pale ambapo haijageuzwa kuwa gereji ya bodaboda au meza ya maembe. Mimi niliwahi kuanguka humo nikikwepa beseni la samaki. Kwa hiyo usijikamulie kwenye njia yenye watu. Kipande cha kujikamua kiwe kile unachokiona mbele mita 100, na kama hakipo jioni hiyo kwa sababu ya foleni au mvua, kihamishie kesho.

Hapa watu hunitajia Beryl Burton, na wana haki. Mwanamke huyo wa Morley, jirani na jiji la Leeds huko Uingereza, alibaki mwanaridhaa maisha yake yote, huku akiwa mke, mama na kibarua wa shamba la rubabu, mmea ambao mabua yake hupikwa kama tunda. Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za barabarani mwaka 1960 na 1967, na mara tano bingwa wa mbio za kufukuzana uwanjani. Mwaka 1967, kwenye shindano la saa 12, alifika maili 277.25, yaani kilomita 446 hivi, akampita njiani Mike McNamara, mwanamume aliyekuwa akiongoza, na wakati wa kumpita akampa pipi. McNamara mwenyewe siku hiyo aliweka rekodi mpya ya wanaume, maili 276.52, na bado ilikuwa chini ya umbali wa mama yule. Wanaume walichukua miaka miwili kuufikia.

Kisa hiki husimuliwa ili kumwambia mtu mwenye kazi kwamba visingizio vyake havina maana, aongeze tu bidii. Mimi nakisoma tofauti. Kubeba na kuchimba shambani kulikuwa sehemu ya mzigo wa mwili wa Burton, na mtu wa kawaida akikiiga kisa hicho bila kuuhesabu mzigo wa kazi yake anaumia. Fundi umeme aliyeshinda juu ya ngazi, muuguzi aliyesimama zamu ya usiku, mwashi aliyebeba zege, wote wamefika jioni wakiwa na kipindi kimoja cha mazoezi miguuni. Moyo na misuli havijui kama uchovu umetoka kwenye ngazi au kwenye pedali. Siku ya ngazi nyingi, futa kile kipindi cha Ubungo. Karani wa ofisini hana kisingizio hicho, samahani.

Kabla hujatafuta baiskeli ya kaboni, hebu mtazame muuza mkaa aingiaye mjini kutokea Kisarawe na magunia nyuma. Ananyonga kwa pigo lile lile mwanzo mwisho, hakimbizani na mtu, na kwenye mlima anashuka na kusukuma bila aibu. Yeye anajua bila kusoma popote kwamba uzito unalipwa mlimani. Chukua mtu wa kilo 65. Juu ya baiskeli ya kawaida ya Phoenix ya kilo 20 jumla ni 85, juu ya baiskeli ya mashindano ya kilo 8 jumla ni 73. Mlimani tofauti hiyo inaonekana wazi. Tambarare karibu haionekani, maana huko adui ni upepo. Nguvu ya kuushinda upepo hukua kwa kasi kuliko mwendo wenyewe: ukitoka kilomita 30 kwa saa kwenda 36, umeongeza mwendo kwa asilimia 20, ila nguvu inayoliwa na upepo imepanda kwa zaidi ya asilimia 70. Kwa hiyo Phoenix yako ni chombo kizuri kabisa cha mazoezi ya wiki. Fremu nzito haimharibu mwendeshaji.

Kinachomharibu ni tandiko. Hapa mjini tunakaa chini mno, magoti yakikaribia usukani, kwa sababu tunataka nyayo zifike ardhini tukisimama kwenye taa. Kaa juu ya tandiko, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukihamishia pedali mbele ya unyayo kama inavyotakiwa, goti litapinda kidogo tu, na hapo ndipo msuli wa paja unafanya kazi vizuri na goti linapona lawama. Fundi wa kijiweni anakupandishia tandiko kwa spana moja. Akimaliza mwambie akague breki na apake mnyororo mafuta ya cherehani badala ya grisi inayokusanya mchanga.

Joto ni somo la peke yake kwa mtu wa pwani. Misuli inageuza kiasi cha robo tu ya nishati kuwa kazi ya pedali, na kwa wengi haifiki hata robo. Inayobaki ni joto. Ukitoa wati 200 kwenye pedali, mwili unazalisha zaidi ya wati 600 za joto, na njia kubwa ya kulitoa ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Dar es Salaam ya Februari hewa imeshiba unyevu, jasho linadondoka badala ya kukauka, na likidondoka halijapoza kitu. Ndiyo sababu asubuhi ile ile, kasi ile ile, mapigo ya moyo yanapanda kuliko Julai. Usishindane na hilo: punguza mwendo, fuata pumzi. Uzuri ni kwamba ndani ya siku kama 10 hadi 14 za kuendesha kwenye joto, maji ya damu yanaongezeka, unaanza kutoka jasho mapema zaidi, na chumvi inayopotea inapungua. Anayekwenda kazini kwa baiskeli anayapata mazoea hayo bure. Beba maji hata kama safari ni dakika 45, na ofisini acha shati, taulo na kandambili. Wenzangu wa zamani kazini walidhani nimehama nyumbani.

Chakula nisikirefushie. Safari ya asubuhi taratibu inaendeka kwa chai na kipande cha kiazi kitamu. Siku ya Jumanne na Alhamisi kula ndizi mbili au chapati saa moja hivi kabla ya kutoka kazini, kwa sababu kujikamua na tumbo lililokula mchana saa saba ni kujidanganya. Jumamosi, ukipita saa moja na nusu barabarani, anza kula: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, yaani ndizi moja kubwa au mbili, au tende mkononi.

Limebaki jambo moja ambalo safari ya kazini haikufundishi hata ukiifanya miaka 20, nalo ni kuendesha na watu. Ukijibanza nyuma ya mwenzako, umbali wa nusu mita hivi kutoka tairi lake la nyuma, unaokoa robo hadi theluthi ya nguvu zako, na katikati ya kundi kubwa unaokoa zaidi. Fundi umeme aliachwa pia kwa sababu hii. Alikaa pembeni ya kundi akiula upepo peke yake, maana kila siku yupo peke yake na mabasi. Jumamosi za Bagamoyo ni darasa la hilo: kutogusa breki ghafla, kuangalia mabega ya mtu wa tatu mbele badala ya tairi lililo karibu, kuonyesha shimo kwa mkono, kupokezana kuongoza bila kuongeza kasi zamu yako ikifika. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa vijana. Akiwekwa mbele tu, anawaka.

Nilimwekea ratiba ile ya wiki mwezi wa tano. Wiki mbili za kwanza alilalamika kwamba haoni mazoezi, kwamba anafika Posta mkavu kama hakutoka nyumbani. Wiki ya tatu alinipigia usiku kusema kipande cha Baruti amekipanda mara nne na mara ya nne haikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Juzi alinitumia ujumbe asubuhi: pale Jangwani amepitwa na muuza mikate mwenye kreti mbili nyuma, akampungia mkono, akaendelea na gia yake ndogo. Aliongeza kwamba imemuuma sana, na kwamba kesho yake ni Jumanne.