Ngazi: Namna ya Kuichukua na Kuipanda kwa Salama

Natumaini wote mmekwisha kukaa, na mwenye kalamu ameiweka tayari. Katika somo lililopita tulizungumza habari za mtu anayetaka kuanza kazi ya kusafisha madirisha: ndoo zake, sabuni yake na hesabu ya bei yake. Leo tutatazama chombo kimoja tu katika kazi hiyo, nacho ni ngazi.

Kazi hii si ya miji mikubwa peke yake. Wilaya ya Kalambo ilianzishwa mwaka 2012, na Matai ndiyo makao makuu yake. Leo twaona hapa ofisi, maduka na nyumba za wageni zenye madirisha ya vioo. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hutanda juu ya vioo hivyo, na wakati wa mvua huchafuka kwa matope. Kijana mwenye ndoo, kitambaa na ngazi aweza kujipatia riziki. Lakini ngazi hiyo hiyo yaweza kumfanya kilema kwa dakika moja. Mtu akianguka kutoka urefu wa meta 3, hufika chini kabla sekunde moja haijaisha, naye hupiga ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Hapati nafasi hata ya kunyosha mkono akashika kitu.

Basi jambo ninalotaka mlikumbuke leo ni hili: ajali nyingi za ngazi huanzia chini, kabla mtu hajapanda hata kipandio kimoja. Kwa hiyo na sisi tutaanzia chini.

Kwanza, tuikague ngazi. Ngazi nyingi za huku kwetu ni za miti ya mikaratusi, na vipandio vyake vimepigiliwa misumari. Msumari peke yake hauaminiki. Mti ukikauka, tundu hupanuka na msumari hulegea. Afadhali kipandio kikae katika pengo lililochongwa, kisha kifungwe kwa waya au kamba imara. Kila asubuhi ilaze ngazi chini, ukikung'ute kila kipandio na kutazama kama pana ufa au alama za mchwa. Usiipake ngazi ya mti rangi, kwa sababu rangi huficha nyufa. Ikiwa ngazi yako ni ya alumini, tazama kama imepinda, na kama viatu vyake vya mpira vingalipo miguuni. Ngazi mbovu usiiweke pembeni tu, maana kesho mtoto au mgeni ataichukua. Ikate, iwe kuni.

Pili, tuichukue mpaka mahali pa kazi. Wengi hufikiri kwamba hatari huanza ukutani. Sivyo. Nimewahi kumwona kijana amepakiwa juu ya pikipiki, ameilaza ngazi kwa upana mapajani mwake. Pikipiki ilipita, lakini ngazi ilifagia barabara nzima, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliokoka kwa kurukia mtaroni. Ngazi ndefu haifai kuchukuliwa kwa pikipiki, wala kwa upana wala kwa urefu.

Kama ni karibu, ichukueni watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wote wakiiweka bega la upande mmoja. Ukiwa peke yako, ncha ya mbele iinue ipite vichwa vya watu, na kila ufikapo kwenye pembe ya nyumba simama kwanza utazame. Kumbuka kwamba unapogeuka mbele, ncha ya nyuma nayo inazunguka. Kama ni mbali, tumia mkokoteni au gari. Ifunge mahali pawili, mbele na nyuma, kisha uitikise kwa nguvu. Ikicheza hata kidogo, bado hujafunga. Ncha inayotokeza nyuma ya gari ifungwe kitambaa chekundu. Katika barabara ya lami ya Sumbawanga na Kasanga magari hupita kwa mwendo mkali, na dereva aliye nyuma yenu hana budi kuiona ncha hiyo mapema.

Tatu, tuisimamishe. Mguu wa ngazi ukae mbali na ukuta kwa kipimo cha moja kwa nne. Maana yake, ngazi ikiegemea ukuta kwa urefu wa meta 4, mguu wake uwe meta 1 kutoka ukutani. Ukiusogeza karibu zaidi, ngazi yaweza kukupindua nyuma. Ukiuweka mbali zaidi, mguu utateleza. Asiye na kipimo afanye hivi: asimame wima, vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, kisha anyoshe mikono mbele. Viganja vikifika kwenye ngazi vizuri bila ya yeye kuinama, kipimo kimekubali.

Ardhi nayo itazamwe. Udongo wetu ukilowa huteleza sana. Weka ubao mpana chini ya miguu ya ngazi, na mbele yake pigilia kigingi. Usitie jiwe wala tofali chini ya mguu mmoja ili kuisawazisha. Chimba upande ulioinuka mpaka miguu yote miwili ikae sawa. Wala ngazi isiegemezwe juu ya kioo, bali juu ya ukuta. Upepo wa uwanda wa Ufipa mnaujua wenyewe. Siku inayovuma kwa nguvu, acheni madirisha ya juu, fanyeni ya chini.

Kabla ya kuinua ngazi, tazama juu uone waya wa umeme. Kaa mbali nao kwa meta 3 au zaidi. Alumini hupitisha umeme, na mti uliolowa maji hupitisha vilevile. Mwenzako akinaswa, usimshike wala usiiguse ngazi, bali wazuie watu wasisogee, umeme ukatwe na TANESCO waitwe upesi.

Nne, tuipande. Panda ukiielekea ngazi, na shuka ukiielekea. Daima viungo vitatu viishike: miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Ndoo itundikwe kwa kulabu, isishikwe mkononi. Kitovu chako kisitoke nje ya miti miwili ya ngazi. Dirisha likiwa mbali, shuka uihamishe. Najua kushuka kunachosha, lakini wengi huanguka kwa kutaka kufikia kipande kimoja tu kilichobaki.

Tena kumbukeni kwamba nyumba nyingi za Matai ni za chini. Fimbo ndefu yenye kitambaa, na nyingine yenye ukingo wa mpira, husafisha madirisha mengi huku umesimama ardhini.

Sasa nitajibu neno ambalo naamini wengine wenu wanalo moyoni: "Mwalimu, nikimlipa mtu wa kunishikia ngazi, mimi nitabaki na nini?" Ni swali la haki. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo humtaka mwajiri awalinde watu wake. Tunao pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Lakini mfuko huo ni wa waajiriwa, nao huchangiwa na waajiri. Wewe unayekwenda nyumba kwa nyumba na ndoo yako, huna mwajiri. Ukivunjika nyonga, shamba litauzwa na watoto watatoka shule. Kwa hiyo ujira wa mshika ngazi uutie katika bei tangu mwanzo, kama unavyotia sabuni. Mteja akikataa bei hiyo, mwambie utasafisha ya chini tu. Na mshika ngazi asiwe wa kusimama akitazama simu. Mikono yake miwili iwe juu ya ngazi mpaka wewe utakapokanyaga ardhi.

Wazee walisema, mpanda ngazi hushuka. Ashuke kwa miguu yake mwenyewe.

Haya, vikundi vyenu vijadili maswali haya matatu. La kwanza: Ngazi zilizopo kijijini kwenu, ngapi zafaa kupandwa, na ngapi zafaa kuwa kuni? La pili: Ngazi ikiegemea ukuta kwa urefu wa meta 6, mguu wake uwe umbali gani? La tatu: Mteja asiyetaka kulipa mtu wa pili, mtamjibu nini?

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuandika hesabu za mapato na matumizi. Kwa herini.