Kumpeleka mtoto Ulaya si mchezo, jipange!

Leo tunaweka pembeni mambo ya mapenzi na mitindo, tunakwenda mamtoni. Usicheke! Najua wapo watakaosema, "Huyu deiwaka wa magazeti, nauli ya daladala yenyewe anakopa, Ulaya ataijulia wapi?" Sawa, sijafika. Lakini dada yangu anakwenda na mwanawe mwezi wa sita, na kila karatasi ya safari hiyo imepita mikononi mwangu. Yeye yuko saluni kwake toka asubuhi mpaka usiku. Mimi ndiye mwenye muda wa kupanga foleni.

Dada ana mtoto mmoja tu, wa kiume. Ana miaka 11, Julai anatimiza 12. Ni ule umri wa kati: ukimwita mtoto ananuna, ukimwita mkubwa anataka simu. Mwakani ni darasa la mtihani, kwa hiyo hakuna likizo, ni tuisheni kwa kwenda mbele. Akiingia sekondari ya bweni ndiyo basi tena, atakuwa anamwona mama yake kwa kalenda. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, ni mwaka huu au sahau." Pesa alikuwa anaziweka kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Likizo ya Desemba tuliikataa, kwa sababu Berlin mwezi huo jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Juni mwishoni linazama kama saa tatu na nusu usiku. Mtoto anatembea mpaka achoke mwenyewe.

MIJI SITA, SIKU KUMI!

Basi bwana, dada akaja na ratiba yake: Paris, Brussels, Amsterdam, Berlin, Roma, London. Siku kumi! Nikamuuliza, "Dada, unakwenda kutalii au unakimbia deni?"

Kwanza London tukaifuta. Wengi wanadhani viza ya Ulaya ni moja. Viza ya Schengen inakuingiza nchi 29, zikiwemo Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Italia. Uingereza haimo, Ireland nayo haimo. Ukitaka kuiona London unaomba viza nyingine na unalipa ada nyingine. Roma tukaiacha kwa ajili ya umbali, Brussels tukaiacha kwa huruma ya miguu.

Ikabaki miji mitatu: Paris siku tatu, Amsterdam siku mbili, Berlin siku tano. Katikati ni treni. Paris hadi Amsterdam ni kama saa tatu na dakika ishirini, Amsterdam hadi Berlin ni kama saa sita. Pasipoti isikae chini ya begi, maana polisi wanaweza kukagua hata ndani ya treni, hasa mnapoingia Ujerumani.

Sasa maombi unapeleka ubalozi gani? Si ule wenye foleni fupi! Unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwenye nchi utakayoingia kwanza. Dada anashukia Paris, lakini siku nyingi ni za Berlin, kwa hiyo maombi ni ya Wajerumani.

MTOTO KAULIZWA?

Hapo ndipo tulipopata aibu. Tulikaa wiki mbili tunabishana mimi na dada, mwenye likizo yake yuko chumbani anasikiliza. Siku moja akatoka, akasema, "Mamdogo, mimi huo mnara nitauangalia dakika tano. Mimi nataka dainosaria wa Lindi."

Dada akadhani mtoto ana homa. Lindi na Berlin wapi na wapi?

Kumbe dogo yuko sahihi, alisoma shuleni. Kati ya mwaka 1909 na 1913, enzi za Mjerumani, walichimba mifupa ya dainosaria kwenye kilima cha Tendaguru, Lindi. Mamia ya watu wa kule walifanya kazi ya kuchimba na kubeba mizigo kichwani mpaka pwani. Mifupa zaidi ya tani 200 ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wataalamu waliupa aina mojawapo ya wanyama hao jina lake, Australodocus bohetii. Mkubwa wao anaitwa Giraffatitan. Kasimama mpaka leo kwenye makumbusho ya viumbe asilia ya Berlin, urefu mita 13 na ushee kwenda juu. Hakuna mifupa ya dainosaria iliyosimamishwa mirefu kama hiyo duniani. Na asili yake ni Lindi, kwetu!

Kubwa zaidi, baba yake dogo ni mtu wa Lindi. "Ni mifupa ya kwa babu," akasema. Dada akanyamaza. Mimi nikachukua kalamu nikaandika: Berlin, siku ya kwanza, isiwe Jumatatu, maana siku hiyo makumbusho hayo hufungwa.

Tangu hapo tukampa dogo haki ya kuchagua jambo moja kila siku. Amsterdam akachagua nyumba aliyojificha Anne Frank, yule binti aliyepewa daftari alipotimiza miaka 13, akaandika humo maisha ya mafichoni toka Julai 1942 mpaka walipokamatwa Agosti 1944. Tiketi hazipatikani mlangoni. Zinauzwa kwenye intaneti tu, kila Jumanne zinatolewa za wiki ya sita mbele. Ukilala, umeliwa. Paris, Louvre ni bure kwa aliye chini ya miaka 18, lakini Jumanne hufungwa. Mnara wa Eiffel una bei ya mtoto mpaka miaka 11, akifika 12 anapanda daraja. Ujerumani, mtoto chini ya miaka 15 hupanda treni bure akiwa na mzazi, ila aandikwe kwenye tiketi.

MIAKA 12 NI MPAKA

Wazazi, hili lishikeni. Ada ya viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12 ni euro 45. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Ukipitia kwa wakala wa kupokea maombi, kuna ada ya huduma juu yake. Aliyetimiza 12 analipa kama mkubwa na anatoa alama za vidole. Sisi tukipeleka maombi mwezi wa nne, dogo bado ana 11, tumeokoa nusu. Hata pale mpakani, kwenye ule utaratibu ulioanza Oktoba 12, 2025 wa kuchukua picha na vidole badala ya kugonga muhuri, aliye chini ya miaka 12 anapigwa picha tu.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mwisho ni siku 15 kabla, lakini usithubutu kungoja huko. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Ukikataliwa, ada hairudi. Ndiyo maana tumeshika nafasi tu kwenye ndege na hoteli, malipo kamili baadaye.

Na jamani, pesa za kijumbe! Dada pesa anazo, lakini nusu zilikuwa kwenye mchezo na nusu chini ya godoro. Ubalozi haulioni godoro. Unaangalia taarifa ya benki ya miezi ya nyuma, na unataka kujua kitu gani kitakurudisha nyumbani. Tulianza mapema kupitisha mapato ya saluni benki, tukaambatisha leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi, mkataba wa fremu na barua ya shule ya dogo yenye tarehe ya kufungua. Usije ukatupia milioni kumi benki siku moja kabla, watakuuliza zimeanguka kutoka wapi. Na yule mshikaji anayejiita "daktari wa viza" mkimbie kama ukoma. Karatasi moja ya kughushi inakuharibia wewe na mtoto.

KASHESHE LA SHEMEJI

Yote hayo ni rahisi. Kazi ilikuwa moja: saini ya baba.

Mtoto hapati pasipoti wala viza kwa mzazi mmoja tu wakati mwingine yupo hai na anajulikana. Wanataka cheti cha kuzaliwa cha RITA na ridhaa ya wazazi wote wawili. Dada na shemeji waliachana miaka minne iliyopita, wakaachana vibaya. Hawajibizani hata salamu. Ada ya shule inatumwa kwa simu, bila neno.

Dada akaanza kutafuta njia ya panya. "Si niseme simjui alipo?" Nikamwambia, "Dada, jina lake liko kwenye cheti. Halafu mtoto ataulizwa. Unataka adanganye mbele ya mzungu?" Akalia kidogo, akajifuta, akasema twende.

Tukamkuta shemeji dukani kwake. Nikasalimia mimi, "Shikamoo shemeji." Akaitikia, akatuvutia mabenchi. Dada akaeleza kwa sauti ya kusoma risala. Shemeji akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja:

"Lindi kwa mama yangu hujampeleka hata siku moja. Unampeleka Berlin?"

Wacha we! Nikajua leo ni leo. Dada naye akapanda, "Na wewe umempeleka lini? Miaka minne unatuma pesa kama unalipia maji!" Wateja wakageuka. Nikatamani ardhi ipasuke.

Wote wawili walikuwa na haki, ndiyo shida yenyewe. Nikamtolea shemeji daftari la dogo. Humo kachora yule mnyama, chini kaandika orodha ya mambo ya kumuuliza babu: kilima kiko wapi, nani alibeba mifupa, walilipwa? Shemeji akalisoma lile daftari muda mrefu. Akasema taratibu, "Babu yake hajui kama mjukuu wake anajua habari hizi."

Hakusaini siku ile. Alitaka kwanza aongee na mtoto mwenyewe. Jumapili akaja nyumbani, akakaa na mwanawe barazani mpaka magharibi. Jumatatu tukaenda wote kwa wakili, akasaini barua ya pasipoti na barua ya viza. Sharti lake lilikuwa moja: likizo fupi ya kabla ya mwezi wa nne, mtoto anakwenda naye Lindi kwanza. Dada akataka kubisha, nikamkanyaga mguu.

Wamekwenda, wamerudi. Kwa bibi dogo kala samaki mpaka basi. Babu kamwonyesha kwa kidole upande kilipo kilima na kumsimulia aliyoyasikia kwa wazee wake. Sasa orodha ya Berlin ina maswali mapya, na daftari lina namba ya simu ya baba, eti ampigie akiwa amesimama chini ya yule mnyama.

Pasipoti imetoka, imegharimu shilingi 150,000. Miadi ya viza ni wiki ijayo. Wanaweza kutukatalia, kila siku watu wanakataliwa. Dada nilimuuliza itakuwaje ikiwa hivyo. Akasema, "Nitaumia. Lakini mtoto ameshakaa barazani na baba yake."

Kwa hiyo wewe unayejipanga na mwanao: anza miezi sita kabla, punguza miji, pitisha pesa benki, hesabu umri wa mtoto kabla hajavuka 12, na mzazi mwenzio kamwone sasa hivi, usingoje wiki ya mwisho. Na mtoto mwulize anataka kuona nini. Anaweza kukushangaza.

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Mtuombee na viza!