OILI CHINI YA MERCEDES YA KIKUNDI: INATOKA WAPI?

Siku hizi vikundi havifugi kuku na kusuka vyondo peke yake. Kuna vile ambavyo wanachama wamezungusha meri-go-raundi, wakakopa kidogo, wakanunua gari kuukuu la kifahari, mara nyingi Mercedes, la kukodisha kwa maarusi na kubebea wageni. Ni biashara nzuri, hasa mwezi wa Agosti na wa Desemba. Lakini gari hilo lilikuwa la tajiri wa kwanza, likaenda kwa wa pili, na likifika kwenu huenda lina miaka ishirini. Halafu asubuhi moja dereva analitoa uani, na pale lilipolala kuna doa jeusi mchangani.

Basi hapo mkutano unaitwa. Fundi wa kwanza anasema injini imekwisha, lazima ifunguliwe yote. Wa pili anasema Mercedes zote za zamani hutoa oili, muongeze tu mwendelee. Mweka hazina hajui amwamini nani. Kwa maoni yetu, mara nyingi wote wawili wanakisia, na wanakisia kwa pesa yenu. Mahali oili inapotoka panaweza kutafutwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni macho, kitambaa na subira. Hata mwanachama asiyejua kushika spana anaweza kusaidia.

KWANZA, NI OILI GANI?

Jioni gari likiwa limesimama mahali tambarare, tandikeni katoni kubwa chini yake, kutoka mbele mpaka nyuma ya viti vya mbele. Wekeni alama kwenye katoni mahali magurudumu yalipo, ili kesho mjue kila tone lilianguka chini ya nini. Asubuhi angalieni rangi, guseni, nuseni.

Oili ya injini ni ya rangi ya asali ikiwa mpya, na nyeusi au kahawia ikiwa imetumika. Ikiwa nyekundu, hiyo mara nyingi ni ya gia boksi ya otomatiki, au ya stiaringi. Ikiwa nzito na inanuka vibaya kama kiberiti, hiyo ni ya difu, na doa lake litakuwa nyuma. Maji ya rejeta yana rangi ya kijani, buluu au waridi na harufu tamu tamu. Maji safi yasiyo na harufu, upande wa abiria, baada ya safari ya mchana wa joto, ni ya eyakondishena, na hayo hayana neno. Kitu chepesi, cheupe au cha manjano, kikionekana karibu na gurudumu ni oili ya breki: gari lisiende popote, hata kama bibi harusi anangoja.

Tumeanza na rangi kwa sababu moja. Kuna watu wamefunguliwa injini kumbe shida ilikuwa ya gia boksi.

Kabla ya kuendelea, pimeni kiasi kilichobaki. Gari liwe mahali tambarare, injini iwe imepata moto halafu izimwe na kungojwa dakika tano hivi. Vuteni dipstiki, pangusa, rudisha, vuta tena. Injini hizi hubeba oili nyingi. Ile ya M112, yenye silinda 6, hubeba lita 8 hivi, kwa hivyo watu hudhani bado iko tele. Tone moja kila dakika, usiku na mchana, kwa mwezi linaweza kufika lita nzima. Na taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili ikiwaka barabarani, dereva azime injini hapo hapo. Asiseme atafika tu mjini. Injini ikikauka hushikana kwa dakika chache, na hapo kikundi hakina gari tena, kina chuma.

Hatari ya pili ni moto. Oili ikidondokea ekzosi iliyo moto hutoa moshi na harufu ya kuungua, na ikiwa nyingi huweza kuwaka. Ya tatu inakuja polepole: mipira yote iliyo chini, yaani maunti za injini na bushi, hufura na kuoza ikilowa oili. Ndiyo sababu hatukubali maneno ya kuongeza tu na kuendelea.

OSHENI KABLA YA KUTAFUTA

Gari la miaka mingi limepakwa oili na vumbi kila mahali. Huwezi kuona mahali pabichi penye ubichi wote. Injini ikiwa baridi, pakeni mafuta ya taa au sabuni ya kuondoa grisi, sugueni kwa brashi, kisha suuzeni kwa maji kidogo. Petroli hapana, kabisa. Funikeni altaneta, masanduku ya fyuzi na plagi za nyaya kwa karatasi za nailoni, na msipige maji ya presha juu ya injini, kwa maana magari haya yamejaa kompyuta na nyaya.

Sasa jambo ambalo hutofautisha gari la kifahari na pikapu ya shambani: chini ya injini kuna kava kubwa ya plastiki. Oili ikidondoka huangukia kwenye kava, inatembea juu yake, halafu inatoka kwenye tundu lolote lililo karibu. Tone mnaloona uani laweza kuwa limetoka mbali na hapo, na lilianza kuvuja wiki nyingi kabla hamjaliona. Kava hiyo lazima itolewe. Na mkiwa mnanunua gari mkakuta kava haipo, au injini imeoshwa ikang'aa kama sahani, ulizeni kwa nini. Ombeni mliendeshe nusu saa, mliache limesimama muda kama huo, halafu mwangalie chini kwa tochi.

Anayeingia chini asitegemee jeki peke yake. Tumieni shimo la karakana, au stendi imara mbili, na mawe nyuma ya magurudumu. Jeki huteleza, na gari la namna hii lina uzito wa zaidi ya kilo 1,500.

Gari likiwa safi na kavu, liendesheni kilomita kumi au kumi na tano, lirudi, liangaliwe likiwa moto. Oili hushuka kwa uzito wake na hurudishwa nyuma na upepo wa safari. Kwa hivyo msitafute mahali palipolowa zaidi. Tafuteni pale palipo juu kabisa na mbele kabisa penye ubichi. Chanzo kiko hapo, au karibu. Ikiwa bado mna shaka, kausheni sehemu hiyo, nyunyizeni poda ya mtoto, washeni injini dakika chache huku mkikaa mbali na mikanda inayozunguka. Poda itaonyesha njia ya oili kama vile mchwa wanavyoonyesha njia yao ukutani.

WANAOSHUKIWA

Anzeni na vya bei ndogo, hata kama fundi anavuta upande wa vya bei kubwa. Nati ya sampu ina washa ya shaba ambayo inafaa kubadilishwa kila oili ikimwagwa; wengi huirudisha ya zamani, kisha wanakaza kwa nguvu mpaka nyuzi zinakufa. Kifuniko cha filta kina sili ya mpira. Ikikaa vibaya, oili hutoka siku ile ile ya savisi. Ikiwa uvujaji ulianza baada ya savisi, msiende mbali. Barabara zetu nazo zina mawe, na sampu iliyogongwa inaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Baada ya hapo tazameni juu, kwenye tapeti kava. Mpira wa gesketi hukauka kwa joto na kwa umri, hata gari likiwa halijatembea sana. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na mengi huingia yakiwa yamekaribia umri huo. Kwa hivyo gesketi za zamani ni jambo la kawaida, wala si dalili kwamba mliuziwa takataka. Katika M112, ambayo Mercedes walianza kuitoa 1997, kava ziko mbili, moja kila upande, na ekzosi iko chini yake. Oili inayotoka hapo huungua kabla ya kufika chini: mtasikia harufu gari likisimama mlimani, na uani msione tone. Juu ya kava hizo kuna vifuniko vidogo vya kupumulia ambavyo hushikwa kwa gundi ya silikoni. Hivyo navyo huvuja, na kuvisafisha na kuvigundisha upya ni kazi ndogo sana. Viangaliwe kabla ya kununua gesketi yoyote.

Kwenye injini ya zamani ya silinda 6, M104, iliyokuwa ndani ya magari mengi ya W124, mahali panapojulikana ni kona ya nyuma ya hedi gesketi. Hiyo ni kazi ya kweli, hedi lazima itoke. Lakini ikiwa ni jasho tu la oili nje, maji hayapungui, na injini haichemki, mna nafasi ya kuchanga pesa kwanza.

M271, ya silinda 4, iliyo katika C-Class nyingi zilizoandikwa Kompressor, ina tabia yake. Mbele ya injini kuna sumaku mbili za kamshafti zenye plagi za umeme. Oili hupenya ndani ya plagi na kutembea ndani ya waya, polepole, mpaka kwenye kompyuta ya injini. Chomoeni plagi hizo mtazame. Zikiwa na oili ndani, badilisheni sumaku mara moja, maana kompyuta ni ghali kuliko sumaku mara nyingi.

Ujanja kama huo huo uko kwenye gia boksi ya otomatiki ya gia tano, ile mafundi wanaijua kama 722.6, iliyoanza 1996. Tone ni jekundu, upande mmoja wa gia boksi, na fundi asiyeijua anasema sili kubwa imekufa. Mara nyingi ni plagi ya nyaya inayoingia kwenye gia boksi, ambayo ina vimpira viwili vidogo. Plagi mpya ni ya bei nafuu, na kazi yake ni fupi. Lakini ikiachwa, oili hupanda kwa waya mpaka kwenye kompyuta ya gia. Na gia boksi hiyo haina dipstiki ya dereva: bomba lipo, limefungwa, na fundi anakuja na kijiti chake. Asipokuwa nacho, msimruhusu kukisia.

Sasa lile neno linaloogopesha: sili ya nyuma ya krenki. Oili ikidondoka pale injini inapoungana na gia boksi, ndilo jibu la haraka la kila mtu, na ni kazi ya kushusha gia boksi. Si uongo kwamba sili hiyo huisha. Lakini oili ya tapeti kava au ya hedi hushuka nyuma ya injini na kudondokea hapo hapo. Kabla gia boksi haijashushwa, fundi awaonyeshe kwa tochi kwamba nyuma ya injini, kutoka juu mpaka chini, pamekauka. Akikataa kuonyesha, kuna mafundi wengine jua kali.

INJINI INAPUMUA?

Jambo hili moja mafundi wengi hulipita. Injini ina njia ya kutoa hewa iliyo ndani. Paipu hiyo ikiziba kwa uchafu, presha hujaa na kusukuma oili kwenye kila sili. Mtabadilisha ya mbele, itavuja ya nyuma. Mtabadilisha ya nyuma, itavuja kava. Injini ikiunguruma polepole, fungueni kifuniko cha kutilia oili. Hewa ikipuliza kwa nguvu, paipu zikaguliwe na kusafishwa kwanza. Zikiwa safi na bado inapuliza, pamoja na moshi wa buluu, basi huenda ringi zimechoka na yule fundi wa kwanza alikuwa na haki. Ute mweupe chini ya kifuniko, kwa wale wa Limuru au Kinangop ambako asubuhi ni baridi na safari ni fupi, mara nyingi ni mvuke tu. Lakini maji ya rejeta yakipungua pia, hiyo ni hedi gesketi.

Dawa za chupa za kuziba uvujaji na oili nzito kupita kiasi hatuzipendekezi. Wauzaji wengine huzitumia ili gari likae kavu mpaka mnunuzi alipe.

Kila mkipima, andikeni kwenye daftari la kikundi tarehe, kilomita na kiasi kilichoongezwa. Fundi akiona mnajua gari lilikula nusu lita kwa kilomita 600, lugha yake hubadilika. Oili chafu iwekwe kwenye jerikeni na kupelekwa kwa wanaoikusanya mjini. Isimwagwe karibu na kisima wala kwenye mfereji.

Matengenezo yakiisha, osheni tena na mtandike katoni mpya kila usiku. Ikikaa kavu wiki mbili, gari likiwa kazini, rudisheni kava ya plastiki. Kabla ya hapo ikae stoo.