Kakeksia ya saratani kwa wazee

Kakeksia ya saratani ni hali ya mgonjwa wa saratani kukonda na kupoteza misuli kiasi kwamba kuongeza chakula pekee hakuwezi kumrudisha katika hali yake ya awali. Jina limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: kakos, yaani "baya", na hexis, yaani "hali". Huweza kumpata mgonjwa wa umri wowote, lakini huwaelemea zaidi wazee, kwa kuwa wao huanza kuugua wakiwa na akiba ndogo ya misuli.

Chanzo chake kikuu ni inflamesheni inayoenea mwili mzima. Kadiri inflamesheni hiyo inavyokuwa kali, ndivyo kwa wastani muda wa kuishi unavyokuwa mfupi na matibabu yanavyokuwa magumu kuhimili. Jambo hili lina uzito wa pekee katika maeneo yaliyo mbali na hospitali kubwa za saratani, kama mkoa wa Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na mara nyingi ni familia inayopaswa kuamua kama mzee wao asafirishwe au la.

Inflamesheni

Inflamesheni ni namna mwili unavyojibu jeraha, vijidudu au kitu kigeni. Kidole kikichomwa na mwiba huwa chekundu, huvimba, hupata joto na kuuma. Inflamesheni ya namna hiyo ina manufaa, na huisha jeraha linapopona. Haipaswi kuchanganywa na uvimbe wa saratani wenyewe, ambao ni kundi la seli zinazoongezeka bila mpangilio.

Katika saratani jeraha halifungi. Seli za saratani na chembe nyeupe za damu zinazozizunguka huendelea kutoa kemikali ziitwazo sitokini, kama vile interlukini-1, interlukini-6 na TNF. Inflamesheni hubaki kama kaa la moto chini ya majivu: haionekani kwa nje, lakini haizimiki. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba TNF ni kitu kilekile walichokuwa wamekiita "kachektini" kwa sababu kiliwakondesha wanyama wa maabara.

Sitokini hufanya kazi katika sehemu kadhaa za mwili kwa wakati mmoja:
- katika ubongo hupunguza hamu ya kula na kuleta uchovu;
- katika misuli huharakisha kuvunjwa kwa protini na kuzuia kujengwa kwa mpya;
- katika mafuta ya mwili huchochea kuyeyushwa kwa akiba;
- katika ini huamuru kutengenezwa kwa protini za dharura, hasa ile inayoandikwa CRP katika majibu ya maabara, huku kiwango cha albumini katika damu kikishuka.

Tofauti na njaa

Mtu mzima mwenye afya akikosa chakula, mwili wake hujibana. Hutumia zaidi mafuta, hulinda misuli kadiri uwezavyo, na hupunguza matumizi ya nguvu. Akipata chakula tena, hunenepa. Katika kakeksia mafuta na misuli hupungua pamoja, na mwili unaweza kutumia nguvu nyingi hata mgonjwa akiwa amelala.

Ndiyo maana mzee mwenye saratani anaweza kukonda ingawa nyumbani kuna chakula na anahudumiwa vizuri. Tofauti hii inawahusu sana wanaomtunza. Familia isiyoifahamu huweza kumlaumu mpishi, au kumlaumu mgonjwa kuwa amegoma kula au amekata tamaa.

Kwa nini wazee

Binadamu huanza kupoteza misuli taratibu tangu umri wa kati. Upungufu huo ukizidi huitwa sarkopenia, jina lililopendekezwa na Irwin Rosenberg mwaka 1989. Aidha, mwaka 2000 mtafiti wa Italia Claudio Franceschi na wenzake walieleza kwamba uzee wenyewe huambatana na inflamesheni ya kiwango cha chini inayodumu. Kwa hiyo saratani ya mzee huongeza kuni kwenye moto uliokwisha kuwaka.

Meno yaliyong'oka, upweke, kisukari, moyo dhaifu na wingi wa dawa huzidisha tatizo. Uzito nao unaweza kudanganya. Maji yakijaa miguuni au tumboni, mizani haitaonyesha kupungua ingawa misuli imekwisha mapajani na mabegani.

Utambuzi

Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa kimataifa lilikubaliana juu ya kipimo kinachotumika hadi sasa. Mgonjwa wa saratani huhesabiwa kuwa na kakeksia akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi 6 bila kukusudia. Kwa mtu ambaye uwiano wake wa uzito na urefu (BMI) uko chini ya 20, au ambaye tayari ana sarkopenia, kupoteza zaidi ya asilimia 2 kunatosha. Jopo hilo liligawa hali hii katika hatua tatu: dalili za mwanzo, kakeksia kamili, na kakeksia isiyosikia tiba tena.

Mfano wa hesabu: mzee mwenye urefu wa sentimita 165 alikuwa na kilo 56, na baada ya miezi 6 ana kilo 49. Amepoteza kilo 7, yaani asilimia 12.5. BMI yake ni 49 kugawanya kwa 1.65 mara 1.65, yaani 18. Huyu amevuka kiwango kwa mbali.

Pale ambapo mzee hawezi kusimama kwenye mizani, utepe wa kupimia husaidia. Katika kipimo cha lishe ya wazee kiitwacho MNA, mzingo wa shavu la mguu ulio chini ya sentimita 31 ni dalili ya upungufu. Mkanda unaohitaji tundu jipya au pete inayovuka kiungo cha kidole pia ni ushahidi usiopaswa kupuuzwa.

Vipimo vya damu na muda wa kuishi

Uhusiano kati ya kukonda na muda wa kuishi ulithibitishwa zamani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1980, wenye wagonjwa 3,047, ulionyesha kwamba waliokuwa wamepungua uzito kabla ya tibakemikali kwa jumla waliishi muda mfupi kuliko wasiopungua. Tangu hapo vimebuniwa vipimo vinavyoonyesha inflamesheni yenyewe.

Alama ya Glasgow, iliyobuniwa katika mji huo wa Uskoti na kuchapishwa mwaka 2003, hutumia CRP na albumini. CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita na albumini ikiwa chini ya gramu 35 kwa lita, mgonjwa hupata alama 2, ambayo ni mbaya zaidi. Asiye na kasoro yoyote kati ya hizo hupata 0.

Uwiano wa nutrofili na limfosaiti hupatikana katika kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu (FBP). Nutrofili huongezeka wakati wa inflamesheni, na limfosaiti, ambazo husaidia kupambana na saratani, hupungua. Mapitio ya mwaka 2014 yaliyokusanya tafiti 100 zenye wagonjwa zaidi ya 40,000 yalionyesha kwamba uwiano mkubwa huendana na muda mfupi wa kuishi katika saratani nyingi.

Kipimo cha ALI, kilichoanzia kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu mwaka 2013, huunganisha lishe na inflamesheni. BMI huzidishwa kwa albumini (gramu kwa desilita), kisha hugawanywa kwa uwiano uliotajwa hapo juu. Tuseme yule mzee wa kilo 49 ana albumini 3.0, nutrofili 7.5 na limfosaiti 1.5. Uwiano wake ni 5, na ALI yake ni 18 mara 3.0 kugawanya kwa 5, yaani 10.8. Mtu mwenye BMI 24, albumini 4.0 na uwiano wa 2 angepata 48. Namba ndogo ina maana ya hali mbaya zaidi.

Vipimo hivi vina mipaka miwili. Kwanza, malaria, kifua kikuu, nimonia au kidonda kilichooza huweza kuvuruga majibu, hivyo magonjwa hayo hutafutwa na kutibiwa kabla ya kutoa hukumu. Pili, vinaeleza wastani wa kundi, si siku za mtu mmoja. Wagonjwa wawili wenye namba sawa wanaweza kutofautiana kwa miezi mingi.

Mkoani Songwe

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya, makao makuu yakiwa Vwawa. Tunduma ni mji wa mpakani, ukipakana na Nakonde ya Zambia. Mji huo unapitiwa na barabara kuu ya Tanzania na Zambia pamoja na reli ya TAZARA.

Miongoni mwa saratani zinazoonekana sana Tanzania ni ile ya mlango wa kizazi, ya matiti, ya tezi dume na ya umio. Saratani ya umio iko juu katika ukanda wa mashariki mwa Afrika unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na hukondesha kwa njia mbili: huziba njia ya chakula, na huleta kakeksia.

Kukonda kuna historia yake katika Afrika Mashariki. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na nchini Uganda ugonjwa huo ulijulikana kwa jina la Slim, yaani wembamba. Tangu hapo, anayekonda hushukiwa UKIMWI kabla ya kupimwa, na baadhi ya wagonjwa hujificha kwa aibu. Kujificha huko hupoteza miezi ambayo saratani, kifua kikuu au VVU vingeweza kutibiwa.

Mgonjwa wa Tunduma kwa kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, umbali wa takribani kilomita 100. Tiba ya mionzi kwa miaka mingi ilipatikana tu katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kisheria mwaka 1996. Baadaye ilianza pia Bugando, Mwanza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na wazee wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya serikali. Nauli, malazi na chakula cha msindikizaji hubaki juu ya familia.

Hapo ndipo mizani na picha ya damu zinapokuwa na faida. Mzee aliyepungua kidogo, anayetembea na ambaye vipimo vyake si vibaya, ana sababu nzuri ya kusafirishwa mapema. Aliyefikia hatua ya mwisho huweza kupata madhara ya tiba kuliko manufaa, na tiba shufaa karibu na nyumbani huweza kumfaa zaidi. Uamuzi hufanywa na daktari, mgonjwa mwenyewe na familia kwa pamoja.

Matibabu

Tiba ya kwanza ni kuidhibiti saratani yenyewe inapowezekana. Sambamba na hilo hutibiwa mambo yanayozuia kula: maumivu, kichefuchefu, vidonda vya mdomo, ukosefu wa choo na huzuni.

Mwongozo wa Ulaya wa lishe kwa wagonjwa wa saratani unapendekeza protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mzee wa kilo 49 ni gramu 49 hadi 74. Yai moja lina takribani gramu 6, na glasi ya maziwa gramu 8. Uji wa ulezi wenye maziwa na karanga zilizosagwa, maharage yaliyopondwa, dagaa wa unga na parachichi hutoa nguvu nyingi katika kiasi kidogo. Milo midogo ya mara kwa mara hufaa kuliko sahani moja kubwa. Kutembea uani au kuinuka kitini mara kadhaa kwa siku husaidia kutunza misuli.

Steroidi huamsha hamu ya kula kwa wiki chache, lakini zikitumika muda mrefu hudhoofisha misuli. Megestroli huongeza mafuta zaidi kuliko misuli na huweza kusababisha damu kuganda. Olanzapini kwa kiwango kidogo ilileta matokeo mazuri katika jaribio la Puducherry, India, lililochapishwa mwaka 2023. Dawa za kuzuia TNF hazikufanikiwa. Japani iliidhinisha anamorelini mwaka 2021, na ponsegromabu, inayozuia kemikali iitwayo GDF-15, ilionyesha kuongeza uzito katika jaribio la mwaka 2024. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe dukani kwa nia ya "kuzima" inflamesheni bila ushauri wa daktari, kwani huweza kuharibu figo na kutoboa tumbo la mzee.

Katika hatua ya mwisho

Kakeksia isiposikia tiba tena, lengo hubadilika kutoka kuongeza kilo hadi kuondoa mateso. Kumlazimisha mgonjwa kula hakurefushi maisha yake. Huweza kumpalia, kumtapisha au kumfanya aogope saa ya chakula. Hupewa anachokitamani, kwa kiasi anachokiweza, na mdomo wake hulowanishwa. Morofini ya maji hutuliza maumivu makali na hutolewa kwa maelekezo ya daktari. Wanaomuuguza wanapaswa kuelezwa wazi kwamba kukonda kwake kunatokana na ugonjwa, na kwamba si dalili ya uzembe wao.