Ratiba ya Haki kwa Mpira wa Vijana

Ugomvi wa mpira mara nyingi hauanzi uwanjani, bali kwenye karatasi ya ratiba. Kijana anayeshindwa kwa haki hujifunza uvumilivu. Anayeshindwa kwa upendeleo hujifunza chuki. Jambo hili latuhusu sisi Wakatoliki, kwani hata Mazembe ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto.

Wapenzi walimu na vijana, tufanyeje? Mashindano ya kutoana humalizika upesi: timu 8 zahitaji michezo 7 tu. Lakini timu 4 hurudi nyumbani baada ya mchezo mmoja, hata kama zimetembea tangu alfajiri. Afadhali timu 6 zikutane zote: michezo 15, mitatu kila Dominika, kwa Dominika 5. Tuandike majina kwa safu mbili zinazoelekeana. La kwanza likae, mengine yazunguke nafasi moja kila juma. Hakuna wawili watakaokutana mara mbili. Timu zikiwa 7, moja ipumzike kwa zamu. Saa ya jua kali nayo igawanywe kwa zamu.

Michezo ya mwisho ichezwe saa ile ile. Mwaka 1982, huko Gijón, Ujerumani ya Magharibi na Austria zilicheza zikijua matokeo ya Algeria, iliyocheza jana yake. Bao 1 kwa 0 liliwafaa wote wawili, Algeria ikatolewa.

Basi kura ipigwe mbele ya makapiteni wote, ratiba ibandikwe mlangoni pa shule, wala isibadilishwe kwa ajili ya timu ya mwalimu.