Nguzo imefika, faiba bado

Kandokando ya barabara kuu nyingi za Tanzania kuna vijiguzo vifupi vinavyowaonya wachimbaji kwamba hapo chini imelazwa kebo ya mkongo. Nyuma yake, hatua mia mbili au tatu, kuna nyumba ambazo wenyewe hununua kifurushi cha intaneti cha siku kwa simu, na kikiisha mchana wanasubiri kesho. Data za nchi jirani hupita mbele ya uwanja wao kuelekea Dar es Salaam na baharini, nao hawana pa kuchomeka. Hakuna aliyewasahau kwa makusudi. Kila kampuni iliyowahi kuwafikiria ilipiga hesabu, kisha ikafunga daftari.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme kilomita moja ya kebo mjini inapita nyumba 100 na robo yake wanajiunga: kila mteja amelaziwa mita 40. Kijijini kilomita hiyohiyo inapita nyumba 10. Robo ikijiunga, kila mteja anabeba mita 400. Bei ya kebo ni ileile na posho ya fundi ni ileile, ila mapato ya mteja wa kijijini huja kwa msimu, na gari la matengenezo linatoka mbali. Ukitoza kila mmoja gharama yake halisi, wa kijijini hawezi. Ukiwatoza sawa, wa mjini anamlipia mwenzake, na mshindani anayehudumia mjini peke yake anakuja kumnyakua kwa bei ya chini. Ndiyo maana faiba ya nyumbani imekuwa vita ya kugombania mitaa ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kampuni tatu nne zikivuta kebo kwenye barabara moja ya vumbi, huku tarafa nzima ikikosa hata moja.

Kazi ya baharini na kwenye njia kuu imefanyika kwa sehemu kubwa. Kabla ya 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti za bei kali. Mwaka huo kebo ya baharini ya SEACOM ikawashwa Mombasa na Dar es Salaam, TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa mwaka huohuo wa 2009 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, kampuni ya CITCC ikiwa mkandarasi na shirika la simu la TTCL likikabidhiwa uendeshaji. Kenya nayo ilijenga mkongo wake, NOFBI, kufikisha faiba kwenye makao makuu ya wilaya, baadaye kaunti, na serikali iliyoingia 2022 iliahidi kilomita 100,000 za faiba pamoja na vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma. Vituo vya Wi-Fi sokoni hupendeza siku ya uzinduzi. Mwenye duka la pembejeo anayetaka kufunga hesabu usiku, au mwalimu anayesahihisha mitihani nyumbani, hafaidiki navyo.

Sehemu kubwa ya gharama ya faiba hailiwi na uzi wenyewe wa kioo. Inaliwa na kuchimba mtaro, kuomba kibali cha kupita kwenye hifadhi ya barabara, kulipa ada ya hifadhi hiyo, na kurudisha ardhi ilivyokuwa. Kenya kila kaunti imekuwa na mahesabu yake ya ada, na mvutano kati ya kampuni na serikali za kaunti ni wa miaka mingi. Mwekezaji mwenye akili, basi, huinua macho na kutazama nguzo.

Nguzo zipo. Serikali ya Tanzania imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya bara vimefikishiwa umeme, ingawa vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000, vingi bado vinasubiri. Kenya Power nayo imeingia ndani sana vijijini. Zaidi ya hapo, mashirika ya umeme yenyewe ni wenye faiba: kwenye njia za msongo mkubwa, ule waya wa juu kabisa unaokinga radi unaweza kubeba nyuzi za kioo ndani yake, na Mkongo wa Taifa ulianza kwa kutumia kwa sehemu nyuzi za namna hiyo zilizo kwenye njia za Tanesco. Kenya Power imekuwa ikikodisha nyuzi zake na nafasi kwenye nguzo kwa kampuni za intaneti kwa zaidi ya miaka kumi, na mara kadhaa imetoa onyo kwa waliopandisha kebo bila idhini. Onyo hilo linaeleza mengi kuhusu thamani ya nguzo: watu hawaibi kisichofaa.

Kebo inayofungwa kwenye nguzo za umeme haina chuma ndani, kwa hiyo haipitishi umeme, na inajibeba yenyewe kutoka nguzo hadi nguzo. Kutoka kwenye mtambo ulioko mjini, uzi mmoja unaweza kwenda hadi kilomita 20 kisha ukagawanywa kwa kijisanduku kisichohitaji umeme hadi nyumba 64. Mtambo wa aina iliyozoeleka hutoa jumla ya Mbps 2,500 kwa uzi huo. Nyumba zote 64 zikitumia kwa pamoja, kila moja inabaki na karibu Mbps 39, nazo hazitumii kwa pamoja. Kwa kijiji kilichokuwa kikigombania mnara mmoja wa simu, huo ni utajiri. Ila uzuri wake mkubwa uko kwenye suala la umeme: katikati ya mji na kijiji hakuna betri ya kuibwa wala jenereta ya kujaza dizeli. Mnara hauwezi kusema hivyo.

Hapa wengi huishia, wakidhani nguzo ikipatikana biashara imekamilika. Umeme wenyewe unatuonya. Tanzania ilishusha gharama ya kuunganisha umeme vijijini hadi Sh27,000, na Kenya kupitia mradi wa Last Mile ikaweka ada ya Sh15,000 za Kenya inayolipwa kwa awamu. Watu wakaunganishwa kwa mamia ya maelfu. Kisha Kenya Power ikajikuta na wateja wengi wanaowasha taa mbili na kuchaji simu, ambao mapato yao hayalipi hata kubadilisha nguzo iliyooza. Nyumba iliyounganishwa na nyumba inayolipa ni hesabu mbili tofauti, na mpango wowote wa faiba vijijini unaohesabu nyumba zilizopitiwa pekee unarudia kosa hilohilo kwa kebo nyembamba zaidi.

Wa kuibeba laini kwa miaka ya mwanzo, kwa maoni yangu, ni mteja mkubwa wa kijijini ambaye hana hiari ya kukosa intaneti. Naye yupo, tena anaongezeka. Tangu Julai 2023 taasisi za umma Tanzania zinanunua kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, zikiwamo shule na vituo vya afya ambavyo awali vilimaliza manunuzi kwa karatasi na mhuri. Soko la Bidhaa Tanzania lilianza kuuza mazao kama ufuta, mbaazi na korosho kwa minada ya kielektroniki, na taarifa za mzigo zinatoka kwa vyama vya ushirika vya AMCOS na maghala ya mikoani. Kenya, bima mpya ya afya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 inamtaka mhudumu wa zahanati awe mtandaoni ndipo mgonjwa atambuliwe na dai lilipwe. Leo mwalimu mkuu anashughulikia manunuzi ya serikali kwa bando la mfukoni mwake. Serikali zimeshahamishia kazi mtandaoni. Kulipia laini ya kazi hiyo kumeachwa kwa mtumishi.

Ingekuwa shule, zahanati, ofisi ya kijiji na chama cha ushirika vinalipa kwa pamoja laini ya kudumu, kwa mkataba wa miaka mitano unaotoka kwenye bajeti na si kwenye michango, kampuni ingeweza kwenda benki na karatasi hiyo mkononi. Nyumba za jirani zingeingia baadaye kwa gharama ya waya wa kutoka kwenye nguzo hadi mlangoni na ruta tu. Fedha za kuanzia si ngeni: Kenya hukusanya hadi asilimia 0.5 ya mapato ya watoa huduma kwa ajili ya mfuko wa huduma kwa wote, na Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006. Mifuko hii imezoea minara. Mei 2023 Tanzania ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, ruzuku ikitolewa kwa kampuni za simu. Sina ugomvi na mnara. Mama anayejifungua usiku anahitaji simu ipatikane kwanza. Lakini mnara wenyewe ukishakuwa na wateja wengi wa data unaomba faiba, kwa hiyo mwenye kupeleka faiba kijijini anaweza kumuuzia mwenye mnara pia. Huyo ni mteja wa tano ambaye mipango mingi haimhesabu.

Mshindani anayetajwa zaidi yuko angani. Starlink, intaneti ya setilaiti, ilianza Kenya Julai 2023, vifaa vyake vikikaribia Sh90,000 za Kenya, kisha bei ikashuka na vifurushi vidogo vikaja. Kwa hoteli ya mbugani au shamba la maua lililo peke yake, hakuna kebo itakayoishinda. Ila Novemba 2024 ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo wa eneo hilo ulikuwa umejaa. Setilaiti hugawana kilichopo. Ikifaulu sana mahali pamoja, inajaa. Faiba iliyopo kwenye nguzo huongezewa uwezo kwa kubadilisha mashine za miisho yake, kioo kikibaki kilekile.

Kati ya faiba na anga kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Mawingu, kampuni iliyoanzia Nanyuki, Kenya, huchukua faiba pale inapoishia na kuisambaza kwa redio za masafa kutoka mnara hadi nyumbani. Chini yake wapo vijana wa mtaani, Kenya na Tanzania, wanaonunua laini moja ya faiba, wakafunga antena juu ya paa na kuuza vocha za saa, za siku, za wiki. Kisheria wengi wao hawana leseni. Kibiashara wameng'amua jambo ambalo bado linazishinda idara za masoko za kampuni kubwa: mteja wa kipato cha msimu hawezi kusaini bili ya mwezi, lakini atalipa kidogokidogo kila siku bila kulalamika, kama anavyonunua umeme wa LUKU. Kuwafukuza ni kufukuza timu ya mauzo iliyojilipia mafunzo yenyewe. Leseni ndogo ya kata, kwa ada inayolingana na duka la kata, ingewaingiza kwenye vitabu na kuzipa kampuni kubwa wauzaji wa rejareja kule zisikotaka kufungua ofisi.

Wapenzi wa ushirika hupenda kutaja Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, na wana haki. Mwaka 2011 wakazi wa vijiji vya huko, waliochoka kusubiri kampuni kubwa, walianzisha B4RN, jumuiya inayomilikiwa kwa hisa na wanajamii. Barry Forde, mtaalamu wa mitandao, alisimamia ufundi; Chris Conder, wa familia ya wakulima, alikuwa miongoni mwa waliohamasisha vijiji. Wakulima walitoa njia bure katikati ya mashamba yao, hivyo barabara ikakwepwa kwa sehemu kubwa, na wanakijiji wakachimba wenyewe. Kazi ya mtu iliweza kuhesabiwa kuwa hisa. Miaka ile ya mwanzo nyumba ililipa pauni 30 kwa mwezi na kupata Mbps 1,000 kwenda na kurudi, kasi ambayo wakazi wengi wa London hawakuwa nayo.

Msaragambo na harambee tunazijua, kwa hiyo kishawishi cha kuiga ni kikubwa. Wanaoiga wasisahau kwamba wanahisa wa kule walikuwa na akiba, na serikali yao iliwapa nafuu ya kodi kwa kuwekeza. Kinachoweza kuhamishwa bila fedha ni ile njia ya bure. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji Tanzania inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya mkutano mkuu. Kikao kimoja chenye muhtasari uliosainiwa kinaweza kurahisisha njia ya kilomita nyingi, pale ambapo mjini kampuni ingebisha hodi kwa kila mwenye kiwanja. Hisa ya kijiji kwenye laini hiyo inaweza kuwa njia yenyewe.

Halafu kuna matengenezo, ambayo ripoti za miradi huyapa aya moja. Moto wa nyasi huyeyusha kebo ya plastiki. Greda la barabara za vijijini hukata iliyofukiwa kina kifupi. Wapo wanaoikata wakitafuta shaba na kukuta kioo kisichouzika. Kuunganisha nyuzi kunahitaji mashine maalumu na mkono uliozoea, na mashine hizo kwa kawaida zinakaa mjini. Zaidi ya hapo, fundi wa intaneti hana ruhusa ya kupanda nguzo ya umeme bila shirika husika kujua. Kama Tanesco na Kenya Power zitawafundisha mafundi wao wa wilaya, ambao tayari wana ngazi, mikanda na ruhusa ya kupanda, kuunganisha faiba pia, gari moja litatoka kwa hitilafu mbili na bili ya safari itagawanywa. Mashirika yote mawili yana sababu ya kukubali: kodi ya nguzo ni mapato yasiyohitaji kuzalisha hata uniti moja ya umeme. Kiwango cha kodi hiyo kwa nguzo za vijijini, kikitangazwa wazi na kuwa cha chini kuliko cha mjini, ndicho kitakachomfanya mhasibu wa kampuni ya intaneti alifungue tena lile daftari.